Siwema na Filamu ya Ushindi

Kaeni mkao wa kusikia. Iko nchi moja, si mbali wala si karibu, yenye amani nyingi mpaka inabidi ilindwe na vifaru mia mbili. Wananchi wake hawana shida yoyote. Tunalijua hilo kwa sababu redio huwakumbusha kila asubuhi, wasije wakasahau. Nchi hiyo ina Wizara ya Habari Njema, na wizara ina Idara ya Picha za Taifa, na katika idara hiyo, chumba cha tatu mkono wa kulia ukishapita choo, ndimo alimokuwa akifanya kazi Bi Siwema Kibwana, mkata filamu.

Mpigapicha huleta mkanda mrefu wenye kila kitu ambacho kamera imekiona. Mkata filamu huutandaza juu ya meza yenye taa, akakata kwa mkasi yale ambayo taifa halikuyaona, kisha akaunga yaliyobaki kwa gundi. Siwema alikuwa na miaka thelathini na mmoja kwenye meza ile. Alikwisha kukata vikohozi vya Mlezi wa Taifa, maana ndivyo anavyoitwa rais wa huko. Alikwisha kukata mawaziri waliofukuzwa, akiwatoa katika picha walizopigwa kabla hawajafukuzwa. Na safari moja alikata mvua nzima, kwa kuwa ilinyesha siku ambayo Mlezi alikuwa akihutubia juu ya ukame.

Hakuwa shujaa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, mwenye maneno machache kazini na mengi sokoni. Alichokuwa nacho ni kanuni moja tu: hakati bila karatasi. Aliyemtangulia katika chumba kile, Bwana Ngwali, aliambiwa kwa mdomo amkate shemeji yake Mlezi katika filamu ya harusi. Akamkata. Kesho yake shemeji na Mlezi wakapatana, na Bwana Ngwali akaulizwa nani aliyemtuma. Hakuwa na karatasi. Mpaka leo hajulikani alipo. Ndiyo maana Siwema, ukimwambia "kata", kwanza hukunyoshea kiganja.

"Karatasi?"

* * *

Sasa, kila mwaka nchi hiyo huadhimisha Sikukuu ya Utulivu kwa kupitisha vifaru katikati ya jiji. Mwaka ninaousimulia, Kamati ya Itifaki ilitaka kumfurahisha kila mtu. Ikamwandikia Jenerali Mtutu wa Kikosi cha Mashariki kwamba yeye ndiye atakayetangulia. Ikamwandikia na Jenerali Dafrau wa Kikosi cha Magharibi kwamba yeye ndiye atakayetangulia. Barua zote mbili zilikuwa na muhuri, na mihuri yote miwili ilikuwa halali.

Majenerali wakakutana uso kwa uso Mtaa wa Mnara, barabara nyembamba yenye maduka chini na watu juu. Jenerali Mtutu akatoa barua yake akasoma kwa kipaza sauti. Jenerali Dafrau akatoa yake akasoma kwa kipaza sauti kikubwa zaidi. Walipokwisha kusomeana, wakaanza kupigana mizinga.

Walipigana saa nne. Kifaru ni chombo kisichojua kugeukia mtaani: kikirudi nyuma kinaingia kwa kinyozi, kikienda mbele kinapanda juu ya mikokoteni ya watu. Nyumba nambari tisa ilibomolewa kutoka mashariki, na nambari kumi kutoka magharibi, ili kusiwe na upendeleo. Saa saba mchana redio ikatangaza kwamba adui wa nje amevamia jiji, amepigwa, na amekimbia bila kuacha hata kandambili. Na kwamba hakuna raia hata mmoja aliyeguswa. Likishasemwa redioni limekuwa. Hospitali ziliagizwa zisipokee watu ambao hawakuguswa, na chumba cha maiti kikaagizwa kisiandike mtu yeyote kwa tarehe ile.

Mpigapicha wa Idara, kijana aitwaye Chikoti, alikuwa juu ya paa la posta. Alitumwa akapige picha za gwaride, naye akapiga kilichopita. Alasiri ile akaingia kwa Siwema, sikio lake la kushoto linatoka damu, akauweka mkanda mezani.

"Dada Siwema," alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wasiosikia sauti zao wenyewe, "mimi naenda likizo."

Akavuka mpaka kwa miguu. Likizo hiyo haijaisha.

Siwema akafunga mlango, akaupitisha mkanda. Ulikuwa wa dakika kumi na tisa. Akaona vifaru vyenye bendera ileile vikipigana. Akaona kuta za nambari tisa zikishuka kama unga unaomwagwa. Akaona foleni ya mkate, watu kama arobaini, wamelala kifudifudi barabarani katikati ya mizinga, hawawezi kuinuka wala kubaki.

Na dakika ya kumi na mbili akamwona Kidawa binti Sefu, dobi wa mtaa ule. Siwema alimjua kwa sura, maana ndiye aliyekuwa akifua mapazia ya Idara. Kidawa alitoka kibandani kwake na shuka jeupe, kalishika juu kwa mikono miwili, akaingia katikati ya barabara. Hapo Chikoti alimvuta karibu kwa kioo cha kamera, akamfuata yeye peke yake, hakumwachia tena. Akawa Kidawa na lami tu. Alitembea akitazama kulia na kushoto kama mtu anayevuka njia kwa uangalifu. Mizinga ikanyamaza. Kila aliyekuwa ndani ya vifaru vile, nadhani, alimkumbuka mtu wake mwenye mashuka. Akafika katikati, akasimama, akalitingisha shuka mara mbili kama anayetaka kulianika. Kisha ukasikika mlio mmoja. Kidawa akakaa kwanza, kama aliyechoka, halafu akalala.

Dakika moja na sekunde arobaini. Picha ilipopanuka tena, foleni ya mkate haikuwapo. Watu wote walikuwa wamekwisha kutambaa wakaingia uchochoroni. Ndipo mizinga ikaendelea.

Siwema akazima mashine, akaenda dirishani. Alikwisha kuona mengi kwenye meza ile, lakini aliyaona kwa jicho la mkasi. Hili lilimkaa kifuani, likakataa kushuka.

* * *

Siku ya tano akaja Waziri wa Habari Njema mwenyewe, Mheshimiwa Tambwe Sifuni, mtu mnene mwenye sauti ya mahubiri. Nyuma yake alikuja mkuu wa Idara, Bwana Fumbwe, ambaye alikuwa na kipaji cha kukubali jambo kabla halijasemwa.

"Bi Siwema," alisema Waziri, "Mlezi wa Taifa ameagiza filamu ya ushindi. Ataionyesha siku ya arobaini, mbele ya mabalozi, maana hata ushindi una arobaini yake. Picha tunazo?"

"Tunazo, Mheshimiwa."

"Adui anaonekana?"

"Wanaonekana wawili wanaopigana. Mheshimiwa achague adui ni yupi."

Waziri akazitazama. Akatazama tena. Jasho likamtoka chini ya miwani. "Hawa wa kutoka magharibi ndio adui," aliamua.

"Wana bendera yetu."

"Wameiiba!" alisema Waziri.

"Wameiiba," alisema Bwana Fumbwe.

"Karatasi?" alisema Siwema.

Ikaandikwa, ikapigwa muhuri: vifaru vya magharibi ni vya adui. Lakini katika nchi ile hata kuta zina masikio, na masikio hayo hulipwa mshahara. Kesho yake asubuhi alikuja ofisa wa Jenerali Dafrau na bastola kiunoni na waraka mkononi. Jenerali hakubali kuwa adui wa nje, kwa kuwa yeye ni mzaliwa wa ndani. Vifaru vyake vyote vikatwe. Siwema akapokea waraka, akausoma, akauweka kwenye jalada, akakata. Dakika nne zikaondoka.

Siku ya pili yake akaja ofisa wa Jenerali Mtutu. Jenerali wake amepata habari kwamba katika filamu ya ushindi anaonekana akipiga mizinga barabara tupu, kama mlevi anayegombana na kivuli. Vifaru vyake navyo vikatwe, mpaka atakapopatikana adui wa hadhi yake. Waraka huu hapa. Siwema akakata. Dakika tano.

Sijui habari hupenyaje, ila wiki zile chumba cha tatu baada ya choo kikawa kama soko la samaki. Wizara ya Ujenzi ilileta waraka: barabara za nchi hazina mashimo, mashimo yakatwe. Wizara ya Makazi ilileta waraka: nambari tisa na kumi zilijengwa kwa saruji ya serikali, na saruji ya serikali haidondoki, kudondoka kukatwe. Wizara ya Chakula ilikumbusha kwamba foleni ya mkate ilifutwa kwa sheria miaka sita iliyopita, hivyo waliolala pale hawakuwa wamepanga foleni, na wakatwe. Hata Idara ya Hali ya Hewa, ambayo haijawahi kupata neno katika jambo lolote, ilileta waraka wake mfupi wenye adabu: siku ile walitabiri anga safi, wanaomba moshi ukatwe.

"Dada, unawakatia wote?" Bwana Fumbwe aliuliza, akiona vipande vinarundikana sakafuni.

"Wote wana karatasi, bosi wangu. Nimkatie huyu nimwache yule?"

* * *

Katikati ya zogo hilo alikuja mtu asiye na waraka. Alikuwa mzee wa miaka sitini na ushee, kanzu yake safi lakini haikupigwa pasi, na kwenye jicho la kulia alikuwa na alama ya duara, ile ya mafundi saa wanaobana kioo siku nzima.

"Shikamoo, mzee," alisema Siwema.

"Marahaba, bibie. Mimi naitwa Songoro. Nimeambiwa mna picha za siku ile. Mke wangu alitoka kibandani na shuka, hakurudi."

Siwema akamvutia kiti. Mzee Songoro hakulia; alieleza kama anayeeleza saa iliyoharibika. Kila asubuhi huenda chumba cha maiti. Anajua mkewe yumo, maana kijana mmoja wa kufagia alimwona, rafu ya nne. Lakini karani wa dirishani humfungulia daftari na kumwonyesha: tarehe ile hakuna aliyekufa. "Sasa, mzee, unadai maiti ya nani?" Bila maandishi ya serikali yanayosema Kidawa alikufa, hatoki. Na serikali imekwisha kusema hakufa mtu.

"Siku ya ishirini na mbili leo," alisema. "Hajaoshwa. Hajaswaliwa. Na mwanamke yule alikuwa msafi, bibie, wewe unamjua. Mapazia yako haya ni kazi ya mkono wake."

Siwema akavuta mapazia, akawasha mashine. Kutazama mkanda ambao haujaidhinishwa ni miaka mitatu jela. Kumtazamisha mwingine ni mitano. Aliyajua hayo kama anavyojua jina lake.

Mzee Songoro akamtazama mkewe akitembea. Akaweka kile kioo chake cha saa kwenye jicho, akasogea karibu na kitambaa cha kuonyeshea picha.

"Hana viatu," alisema.

"Ndiyo, mzee. Labda vilimtoka."

"Havikumtoka. Kavivua." Akatoa kioo jichoni. "Kidawa akikusudia jambo huvua viatu. Siku aliyokwenda kumsema tajiri wa kiwanda cha sabuni alikwenda peku. Siku aliyokubali kuolewa nami, baba yake hataki, alitoka ukumbini peku." Akakitia kioo mfukoni. "Basi hakupotea njia. Alijua anakokwenda."

Alipoondoka alimshukuru Siwema kwa mikono miwili. Siwema akabaki peke yake na vipande sakafuni. Miaka thelathini na mmoja alidhani karatasi humlinda yeye. Siku ile ndipo alipoanza kufikiri kwamba labda karatasi inaweza kumlinda mtu mwingine.

* * *

Siku tatu kabla ya maonyesho, Waziri alirudi kukagua.

"Imebaki dakika ngapi?"

"Moja na sekunde arobaini, Mheshimiwa."

"Kutoka kumi na tisa?"

Siwema akamfungulia jalada. Nyaraka kumi na saba, mihuri kumi na saba, na mmojawapo wa Waziri mwenyewe. Waziri akafunga jalada kama anayefunga mlango wa banda la nyuki.

"Na hiyo iliyobaki ni nini?"

Akawashiwa. Akamwona Kidawa akitembea, hakuna moshi, lami isiyo na shimo, hakuna kifaru, hakuna foleni. Bwana Fumbwe alitazama viatu vyake mwenyewe.

"Huyu naye akatwe," alisema Waziri.

"Nani, Mheshimiwa?"

"Mwanamke huyo."

Siwema akanyosha kiganja.

Waziri akatoa kalamu ya dhahabu, akaandika: *Kata mwanamke aliye—* Akasita. Akachana. Raia hawakuguswa, yeye mwenyewe ndiye aliyeitunga taarifa. Akaandika: *Kata kitu cheupe.*

"Mheshimiwa, mwanzo wa filamu kuna Mlezi wa Taifa na suti nyeupe. Nimkate?"

Karatasi ikachanwa upesi, vipande vikaingizwa mfukoni. Akaandika tena: *Kata yule ambaye hakuwapo.*

"Ambaye hakuwapo hakatiki, Mheshimiwa. Mkasi hukata kilichopo. Niandikie kwamba alikuwapo, nami nitamkata sasa hivi, mbele yako."

Waziri akatia kalamu mfukoni. Sauti ya mahubiri ikamwisha, ikabaki ile aliyozaliwa nayo, nyembamba.

"Bi Siwema. Unafahamu mimi ni nani. Nakuambia kwa mdomo: utakata."

"Nimesikia, Mheshimiwa."

Na kweli alisikia. Waziri akaondoka akiamini kwamba katika nchi ile kusikia na kutii ni kitu kimoja, na mpaka siku hiyo hakuwa amekosea. Bwana Fumbwe alibaki mlangoni.

"Dada, nakuomba. Una nini na mwanamke huyo? Ndugu yako?"

"Hapana. Alikuwa akinifulia mapazia."

"Sasa?"

"Sasa mapazia yamechafuka, bosi wangu, na sina wa kumpa."

Bwana Fumbwe akafungua mdomo kukubali, kwa mazoea, akakuta hajui anakubali nini. Akaondoka. Lakini hakwenda kusema popote, na hilo naliweka katika hesabu ya mema yake.

* * *

Siku ya arobaini, saa nne asubuhi, Ukumbi wa Utulivu ukajaa. Mbele alikaa Mlezi wa Taifa na suti nyeupe, kulia kwake Jenerali Mtutu, kushoto kwake Jenerali Dafrau, wamepatanishwa kwa medali. Nyuma yao mabalozi. Nyuma kabisa waliketishwa wanawake mia wa Mtaa wa Mnara, wamevishwa sare, wameletwa kwa lori kuwa Kikundi cha Vigelegele. Waziri Sifuni alihutubia dakika hamsini. Alisema kwamba dunia nzima inatuonea wivu adui wetu. Kwamba tulimpiga adui huyo kwa namna ya kipekee, bila kumwona. Na kwamba macho ya mabalozi sasa yatashuhudia ushahidi usiokatika.

Siwema alikuwa juu, kwenye chumba cha mashine. Akawasha.

Akapita Mlezi akipunga mkono. Yakapita maandishi: USHINDI. Kisha barabara tupu, nyeupe kwa jua, na mwanamke peku mwenye shuka.

Mabalozi walidhani ni mwanzo wa mfano fulani wa kisanaa, wakatikisa vichwa kwa heshima. Kidawa akatembea. Kulia, kushoto. Akasimama, akalitingisha shuka. Mlio. Akakaa, akalala.

Kiongozi wa vigelegele alikuwa ameagizwa: picha ikiisha tu, vigelegele. Picha ikaisha. Hakikutoka hata kimoja. Kisha nyuma kabisa mwanamke mmoja akasimama akasema, si kwa kelele, kama anayemwita jirani ng'ambo ya ua, "Kidawa!" Wa pili akasimama. "Kidawa!" Wakasimama wote mia, na sare zao, wakasema jina hilo, na baadhi yao siku ile walikuwa wamelala kifudifudi kwenye foleni ambayo haikuwapo.

Majenerali hawakuzoea kelele zisizo na amri. Jenerali Mtutu aliruka, medali zikalia. "Risasi ile si yangu! Ilitoka magharibi!"

"Mwongo!" alinguruma Jenerali Dafrau. "Ilitoka mashariki! Mimi nilikwisha kuamuru watu wangu wanyamaze!"

"Uliamuru wakati wewe ndiye uliyeanza?"

Mabalozi, ambao kwa arobaini nzima walikuwa wakiuliza adui alikuwa nani, waliacha kuuliza. Wakaanza kuandika.

Siwema alikuwa akizungusha mkanda kuurudisha kwenye kopo lake, taratibu, kama kazi inavyotaka, walipoingia kumkamata.

* * *

Kabla ya kesi aliletewa habari njema. Waziri alimtumia mwanasheria mwenye maneno ya asali: Siwema aseme tu kwamba yule alikuwa mwigizaji, amelipwa na maadui. Akisema hivyo, ataenda zake nyumbani na mafao yake.

"Angekuwa mwigizaji," alisema Siwema, "angeinuka."

Basi akapelekwa Mahakama ya Haraka, kwa Kosa la Kumwonyesha Hadharani Mtu Ambaye Hakuwapo. Hakimu alikuwa mzee Bungala, amebakiza miezi miwili astaafu, na maisha yake yote aliogopa jambo moja tu: hukumu yake kurudishwa kwa kukosewa maandishi. Hakujali haki wala dhuluma. Alijali nukta na mkato. Mungu huokoa watu kwa vyombo vya ajabu.

"Mwendesha mashtaka," alisema, akiinua karatasi. "Hapa imeandikwa 'mwanamke'. Mwanamke yupi?"

"Mheshimiwa, ambaye hakuwapo."

"Kama hakuwapo, mshtakiwa kaonyesha shuka, na kuonyesha shuka si kosa. Kama alikuwapo, ana jina. Shtaka lisilo na jina nitalifuta."

Mwendesha mashtaka akamtazama mtu wa Wizara aliyekaa nyuma. Mtu wa Wizara akatazama dari. Akifutiwa, Siwema anatoka huru leo, na kazi zao zinakwenda naye. Wakanong'onezana. Mwishowe mwendesha mashtaka akasema, "Iandikwe Kidawa binti Sefu."

"Alifanyaje?"

"Alikufa, Mheshimiwa."

"Wapi na lini? Sitaki kazi nusu."

"Mtaa wa Mnara. Sikukuu ya Utulivu. Saa tano na robo."

"Kwa nini?"

"Kwa risasi ya Jeshi la Taifa."

Karani akapiga taipu, neno kwa neno. Siwema alisikiliza milio ile ya herufi, akahisi kile kilichomkaa kifuani siku arobaini na ushee kikianza kushuka. Akahukumiwa miaka saba. Alipoulizwa kama ana la kusema, alinyosha kiganja.

"Nakala ya hukumu, Mheshimiwa. Sheria inanipa haki hiyo. Yenye muhuri."

Alipewa. Kabla askari hawajamshika, aliipeleka safu ya mbele, akaiweka mikononi mwa Mzee Songoro.

* * *

Wiki ya pili mzee alikuja kumtembelea gerezani. Walikaa waya katikati yao.

"Karani wa dirishani aliisoma mara tatu," alisema Mzee Songoro. "Akaugusa muhuri kwa kidole. Akasema, 'Mzee, kumbe alikufa! Ungesema mapema.' Akanifungulia."

"Mmemzika?"

"Juzi, baada ya swala ya adhuhuri. Wanawake wa mtaa walimwosha, wakafunga barabara, wakakataa kuifungua mpaka wamalize. Walileta kifaru makaburini kulinda utulivu. Sisi tukapita. Watu hawakukitazama hata kidogo, bibie, walikizunguka tu kama jiwe la njiani. Vijana waliokuwa juu yake wakavua kofia." Akajifuta jicho lenye alama. "Miaka saba ni mingi. Mimi sitaifikisha."

"Mimi nitaifikisha, mzee wangu. Nenda ukapumzike."

Lakini yalikuwapo mengine ambayo Mzee Songoro hakuyajua bado, na Siwema mwenyewe aliyajua Jumatatu iliyofuata, mlango wa wodi ya wanawake ulipofunguliwa wakaingizwa wanne kwa pamoja. Jumanne wakaingizwa tisa. Ilikuwa hivi: chumba cha maiti kilikuwa na rafu nyingine, na kila rafu ilikuwa na watu wake nyumbani. Watu hao walikuwa wamesikia habari za ile nakala iliyomtoa Kidawa. Wakaanza kwenda kituo cha polisi, mmoja mmoja, na picha ndogo mkononi. "Nimekuja kujishtaki," walisema. "Nimemwonyesha hadharani huyu, naye hakuwapo. Andika jina." Polisi waliwafukuza, nao wakaenda kumwonyesha picha mtu yeyote nje ya mlango, wakarudi naye awe shahidi. Sheria ni sheria. Fomu za mashtaka zikaisha katika kituo cha kwanza, zikaazimwa kituo cha pili, Wizara ikaagiza kiwanda kizima cha karatasi. Hakimu Bungala akaahirisha kustaafu, akadai jina na tarehe na sababu kwa kila mmoja.

Wiki ya nne wodi ilikuwa haina pa kutia mguu. Mchana mmoja wa joto mlango ukafunguliwa tena, akaingia mwanamke mnene wa makamo, unga wa ngano bado uko viganjani, kaja moja kwa moja kutoka jikoni kwake. Askari wa zamu, aliyechoka kuandika, akamuuliza bila kuinua kichwa.

"Kosa?"

"Kumwonyesha mdogo wangu, Mwinyi Kilua. Alikuwa nambari tisa, ghorofa ya pili, kalala na homa."

Wanawake wakageuka. Siwema akasogea ukutani, akakunja miguu, akampigia mkeka kwa kiganja mahali palipopatikana.

"Kaa hapa, dada," alimwambia. "Tuambie habari zake."